Mchora Soko Naye Aimbwe

Juzi nilialikwa kwenye kikao cha kikundi cha sanaa cha vijana hapa Shanwe, Mpanda. Tulikaa chini ya mwembe, juu ya matofali ambayo mwenye kiwanja aliyafyatua akaishiwa fedha kabla ya kuchimba msingi. Ajenda ilikuwa moja tu: mchezo mpya wa jukwaani, wa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya shikamoo wakaniuliza, "Mzee, safari hii tumwimbe nani?"

Nikawaambia, mwimbeni msanifu majengo.

Walicheka sana. Binti mmoja akasema maisha ya msanifu ni meza, penseli na rula. Watu watalala kabla ya wimbo wa pili.

Basi nikawasimulia habari za Antoni Gaudí wa Barcelona, kule Hispania. Alikabidhiwa kazi ya kujenga kanisa la Sagrada Família mwaka 1883, akaishughulikia zaidi ya miaka arobaini bila kuimaliza. Mwezi Juni 1926 aligongwa na tramu. Kwa jinsi nguo zake zilivyochakaa, watu walidhani ni ombaomba. Siku tatu baadaye akafa, akazikwa ndani ya kanisa lile lile ambalo halijakwisha. Mwanamuziki Eric Woolfson, mzaliwa wa Glasgow, alikwisha kutoa santuri juu yake pamoja na Alan Parsons mwaka 1987. Mwaka 1993 mchezo wake wa nyimbo uitwao Gaudi ukapanda jukwaani mjini Aachen, Ujerumani. Kicheko kilipungua.

Lakini mimi sikutaka wamwimbe Gaudí. Wajerumani walikwisha kumwimba. Nilitaka wamwimbe Beda Amuli.

Hakuna aliyelijua jina hilo, ingawa nusu yao wana ndugu waliokwisha kuteremka kwenye treni ya Mpanda, wakapitia Kaliua na Tabora mpaka Dar es Salaam, wakaingia Soko la Kariakoo. Soko hilo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Amuli, mmoja wa Watanzania Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo, aliyesomea kazi hiyo Haifa, Israeli. Tazameni paa lake: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake. Kwangu mimi ni gulio la chini ya miti, ila miti yenyewe ni zege. Amuli alifariki mwaka 2016. Usiku wa Julai 10, 2021, soko likaungua.

Hapo nani atasema hakuna mchezo? Onyesho la kwanza ni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, maana jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi chao cha chini ya Waingereza. La pili ni kijana mmoja wa Kiafrika darasani ugenini. Kisha akina mama wa vitunguu na mchele, kila mmoja na wimbo wake wa kuitia wateja. Mwisho ni moto, na mchoraji hayupo tena kuuona. Wala kuchanganya nyimbo na maigizo si jambo la kuazima Ulaya. Wenye umri wangu wanakumbuka Muungano na TOT walivyoshindana miaka ya tisini: ngoma, kwaya, taarabu na vichekesho, vyote usiku mmoja, kwa kiingilio kimoja.

Mtunza hazina wao, kijana mwenye daftari, ndiye aliyeuliza swali gumu. "Mzee, huyo Amuli nani atamlipia?"

Nilikosa jibu la haraka. Mwaka jana walicheza mchezo wa vyandarua. Maneno yalikuja yamekwisha kuandikwa, wakapewa fulana na posho, na posho ile ndiyo iliyonunua spika. Sasa wameletewa mwingine wa namna hiyo, na wiki ya onyesho ni ile ile. Mimi siwalaumu wakiukubali. Malaria inaua kweli. Ila kikundi kinachosema maneno ya kuletewa mwaka baada ya mwaka kitasahau kutunga, na hilo niliwaambia wazi. Daftari likafungwa. Wengine wakaanza kutazama jua.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akisikiliza huku amejiegemeza kwenye baiskeli yake, ndiye aliyetuokoa. Akasema ujanani alibeba zege Dar es Salaam, kwenye jengo jingine, si Kariakoo, na kwamba karai halipandi ghorofa bila wimbo. Akawapanga vijana mstari mmoja, akawapa tofali badala ya karai, akaanza kuimba. Mstari ulipokwenda mara tatu bila tofali kuanguka, watoto wa mtaa walikwisha kujaa, na mama wa maandazi alikuwa ameuza sinia zima.

Mtunza hazina alilihesabu lile kundi kwa kidole. Akafungua daftari, akaandika: kiingilio shilingi mia tano, watoto mia mbili. Mchezo wa fulana wataomba usogezwe wiki mbili. Wakikataliwa, watapiga kura.

Mazoezi yanaanza Jumamosi saa kumi jioni. Yule mzee wamemwomba aigize Amuli uzeeni. Amekataa. Anataka abaki kwenye mstari wa karai.