Kinywa cha Kisogoni
Somo: Marko 5:1–20

Leo nataka tuzungumze habari za mazimwi. Tafadhali usizime redio. Sisemi habari za kuwatisha watoto ili walale mapema. Nasema juu ya mazimwi ambayo watu wazima hutoa fedha zao ili wayatazame, yaani mazimwi ya sinema.

Sinema si mgeni katika mitaa yetu. Zamani ililetwa kwa gari, kitambaa cheupe kikatundikwa uwanjani, nasi tukaketi chini mavumbini. Baadaye vikaja vibanda vya vidio, vyenye mabenchi ndani na pazia zito mlangoni, na humo ndimo watu wengi walipoizoea sauti ya DJ Afro akizisimulia picha za ng'ambo kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Siku hizi picha yakaa ndani ya simu. Hata hivyo kanuni zake ni zile zile. Kila mtoto wa Eastlands ajua kwamba steringi hafi. Tena amjua adui kabla adui hajatenda neno lolote, kwa kuwa amemtambua kwa sura. Ana kovu shavuni, jicho moja ni bovu, meno yametokeza, mguu waburutwa. Mtoto ayajua hayo bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Ameyapata katika picha.

Hebu tuchukue mfano mmoja maarufu. Mwaka 1818 mwanamke kijana wa Uingereza, Mary Shelley, alitoa kitabu kiitwacho Frankenstein. Ni habari ya msomi aliyetengeneza kiumbe kwa viungo vya wafu. Kiumbe kilipofumbua macho, yule aliyekifanya aliiona sura yake, akakimbia. Kikabaki bila baba na bila jina. Kikajificha karibu na nyumba ya watu maskini, kikajifunza kusema kwa kuwasikiliza, na usiku kikawatafutia kuni kwa siri. Siku moja kikapiga moyo konde, kikaingia kwa mzee wa nyumba ile, aliyekuwa kipofu. Mzee akakisikiliza kwa upole, maana hakuuona uso. Mara wenye macho wakarudi, na kijana wa nyumba akakipiga kwa fimbo. Ni kweli kwamba kiumbe kile kiliua watu baadaye. Lakini msomaji amekwisha kuonyeshwa njia yote ambayo kilipitia mpaka kufika huko.

Basi mwaka 1931 watu wa Hollywood wakatoa picha yao juu ya habari hiyo, Boris Karloff akiwa ndiye zimwi. Walifanya mambo mawili. Kwanza walimnyang'anya maneno, akawa wa kuguna tu. Pili walitia jambo lisilokuwamo kitabuni: ati ubongo aliotiwa ulikuwa wa mhalifu. Ukiisha kuambiwa hivyo, huna haja ya kuuliza nani alimtupa. Ubaya ulikuwa kichwani mwake tangu mwanzo. Na picha yaishia wapi? Umati wa watu wenye mienge wanakichoma moto kinu alimokimbilia. Ndugu yangu, sisi tukaao Nairobi tumeona umati wa namna hiyo kando ya barabara, na hapakuwa na kamera.

Hata nchi yetu imetoa mazimwi ya sinema. Reli ile iliyoizaa Nairobi mwaka 1899, ambayo wafanyakazi wake walijengewa nyumba Muthurwa na Makongeni, ilitatizwa kule Tsavo mwaka 1898 na simba wawili waliokula watu. Wamarekani walitengeneza picha juu yao mwaka 1952, wakaiita Bwana Devil, yaani Bwana Ibilisi. Mwaka 1996 wakatengeneza nyingine, The Ghost and the Darkness, ambamo simba hao wana manyoya makubwa shingoni na waua kana kwamba wafurahia kuua. Simba wenyewe hawakuwa na manyoya hayo. Wamewekwa katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, na wataalamu walipolichunguza fuvu la mmoja wao walikuta jino kubwa limevunjika, na usaha umekula mfupa wa taya. Patterson, aliyewaua, alidai kwamba walikula watu 135. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria watu 35 hivi. Sipunguzi uchungu wa watu wale, kwa maana hata mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Nasema tu kwamba Ibilisi wa kwenye picha alikuwa mnyama mwenye maumivu ya jino.

Sasa linganisha na zimwi la nyanya zetu. Wakikuyu humwita irimu, na makabila mengine yana majina yao. Katika hadithi nyingi za jikoni, zimwi haji na meno nje. Yuaja ngomani akiwa kijana mzuri kuliko wote, mrefu, ngozi yang'aa, maneno matamu. Msichana aliyewakataa vijana wote wa kijiji humfuata huyo. Mara nyingi ni mdogo wake tu anayegundua, kwa kuwa alitembea nyuma: chini ya nywele, kisogoni, mna kinywa cha pili. Hata hapa mjini, enzi za ukoloni, wazee wa Pumwani walisimuliana kwamba wazima moto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Uvumi ule haukuwa kweli. Lakini angalia walimvika nani uzimwi: mtu mwenye sare safi na gari la serikali.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye neno langu la leo. Sinema hutuzoeza kumtafuta zimwi kwa sura mbaya. Tukiyazoea hayo, tunakosea mara mbili. Tunamfukuza aliyeumia, na tunamfungulia mlango aliyependeza.

Katika ploti moja ya mitaa hii yupo mtoto aliyeunguzwa uso na stovu ya mafuta ya taa. Watoto wenzake wakitoka kutazama picha humkimbia wakipiga kelele, "Zimwi! Zimwi!" Watu wazima walioketi mlangoni hucheka. Mama yake sasa humtuma dukani giza likiisha kuingia. Je, mtoto huyo amekosa nini? Alikuwa karibu na stovu, basi. Nasi tunamfanya azoee giza, kama zimwi wa kwenye picha.

Katika ploti hiyo hiyo aingia mgeni. Viatu vyang'aa, gari ameliegesha nje, azungumza kwa heshima na mama mwenye binti aliyemaliza shule na kukosa kazi. Asema ipo kazi Ughaibuni, huko nchi za Ghuba, mshahara mzuri, ila watoe fedha kidogo leo, na binti atie sahihi karatasi ambayo hawakupewa nafasi ya kuisoma. Watu wote humwondokea apate kiti. Hapana hata mmoja amwambiaye, "Baba, hebu geuka tukuone kisogo." Kumgeuza si utovu wa adabu. Ni kumwuliza: ofisi yako iko wapi? Mkataba uko wapi, tuusome usiku wa leo? Je, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inakutambua? Mtu mwema atajibu. Mwenye kinywa cha pili atakasirika, au atasema ana haraka. Wapo mabinti wa mitaa hii waliofika huko wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa ndani, na mwanzo wa safari yao ulikuwa kiti kile alichopewa mgeni.

Katika somo letu la leo mnayo habari ya mtu aliyekaa makaburini upande wa pili wa ziwa. Alipiga kelele usiku na mchana, alijikata kwa mawe, na minyororo haikumweza. Kama ingekuwa picha, tungemjua mara moja ni nani. Watu wa mji walikuwa wamekwisha kumfanyia yote waliyoyajua, nayo ni kumfunga. Yesu alimwuliza jina lake. Baadaye wenyeji walipomkuta ameketi, amevaa nguo, na akili zake timamu, ndipo walipoogopa, wakamsihi Yesu aondoke kwao. Walikuwa wamezoea kuwa na zimwi lao makaburini. Hawakujua la kufanya na jirani.

Wazazi, siwaambii mwapokonye watoto simu zote. Ketini nao watazamapo, na picha ikiisha waulizeni: adui yule aliumizwa na nani? Ni nani katika picha ile aliyependeza lakini akatenda vibaya? Watoto wana akili; watajibu. Nanyi vijana, jioni ya leo mwiteni yule mtoto kwa jina alilopewa na mama yake, tena kungali mchana.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetuumba sote na usiyemkimbia yeyote uliyemfanya, utupe macho ya kumwona jirani aliyeumia, na busara ya kumgeuza yule atujiaye kwa uzuri. Uwalinde mabinti zetu walio mbali, na watoto wetu walio karibu. Amina.