Dawa Zilizomo Jikoni



Katika nchi ya Bara Hindi uko utabibu wa kale uitwao Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu huchanganywa, zikaitwa trikatu, yaani vikali vitatu, ili kulisaidia tumbo kusaga chakula. Mwenye kikohozi hupewa maziwa ya moto yenye manjano.

Je, yapo manufaa? Naam. Wataalamu wamehakikisha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu. Kiini cha manjano hakiingii mwilini kwa wepesi, lakini mwaka 1998 ilionekana kwamba pilipili manga hukisaidia kuingia.

Walakini tujihadhari. Huko Bangladesh wachuuzi wengine walitia manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na sumu hiyo hudhuru akili za watoto. Mwaka 2019 Serikali iliwatoza faini; kufikia 2021 rangi hiyo haikuonekana tena katika manjano yaliyopimwa sokoni. Basi, mng'ao usitudanganye.

Tena, mtoto mwenye homa kali apelekwe hospitali upesi. Manjano ni kiungo chema, lakini hayaponyi malaria.