Kunukuliwa Sana Si Kusema Kweli
(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walimu wa chekechea)

 

Nimeombwa nizungumzie utafiti kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu. Mimi si daktari wala mwalimu. Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti, kwa hivyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Wakati mmoja niliandika taarifa kuhusu elimu maalumu, nikausifu utafiti fulani kwa kuwa "umenukuliwa mara nyingi duniani." Mwalimu mmoja wa chekechea akanipigia simu: "Bwana afisa, hao walionukuu walikubaliana nao?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Mtafiti anapoandika makala, hutaja kazi za wenzake alizozitumia. Kila kutajwa huhesabiwa. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha orodha kubwa ya hesabu hizo katika sayansi, miaka ya 1960. Siku hizi vyuo vikuu vingi huzitazama vinapowapandisha wahadhiri vyeo.

Hesabu hiyo ina faida yake. Mwaka 1968, Lloyd Dunn wa Marekani aliandika makala akihoji kama ilikuwa haki kuwatenga watoto wengi, hasa wa familia maskini, katika madarasa maalumu. Makala hayo yalinukuliwa sana kwa sababu yaligusa jambo lililokuwa likiwasumbua walimu wenyewe.

Lakini kunukuliwa ni kama kutajwa barazani: mtu hutajwa kwa wema, na hutajwa kwa ubaya. Mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield na wenzake huko Uingereza walichapisha makala katika jarida la Lancet kuhusu watoto 12 tu, wakihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Mwaka 2010 jarida lilifuta makala hayo, na Wakefield akanyang'anywa leseni ya udaktari. Hata hivyo, yamenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, na wengi wa walioyanukuu walikuwa wakiyapinga. Ukitazama hesabu peke yake, utadhani ni kazi ya kutukuka.

Nayasema haya kwa sababu uvumi huo ungali unazunguka katika simu zetu. Mama akiuamini, mtoto wake hukosa chanjo, na surua huua. Na mzazi wa mtoto mwenye usonji hubaki akijilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Upande wa pili ni utafiti usionukuliwa. Orodha za kimataifa huegemea zaidi majarida ya Kiingereza ya Ulaya na Marekani. Tasnifu ya mwalimu Mkenya aliyekaa miezi kadhaa na watoto viziwi wa kijiji kimoja huenda ikabaki kwenye rafu ya maktaba ya chuo. Kutonukuliwa hakuifanyi kuwa duni. Huenda ndiyo inayomfaa zaidi mwalimu wa darasa la watoto hamsini.

Wenzangu, hata utafiti bora kabisa haumfikii mtoto wenyewe. Unamfikia kupitia kwenu. Kenya ilianza vituo vya kutathmini watoto, tunavyoviita EARC, mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, ikafuata mwaka 1986. Nayo Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kwa hivyo mwalimu wa chekechea mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto hageuki akiitwa, au hushika kitabu karibu mno na macho.

Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, mkisikia "utafiti umesema," ulizeni: ni watoto wangapi walichunguzwa, na je, watafiti wengine walipata jibu hilo hilo? Pili, mwalimu, ukimtilia shaka mtoto, usimwite mvivu. Zungumza na mzazi, mpelekeni kituo cha tathmini. Tatu, mzazi, usimfiche mtoto nyumbani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma.

Nami nimejifunza. Sitaandika tena idadi ya walionukuu kabla ya kuuliza walisema nini.