Jifunzeni Kwanza Kuanguka



Nimeombwa niseme machache juu ya judo, mchezo nilioanza kujifunza Chuo Kikuu na ambao ningali nikiucheza jioni baada ya kazi za ofisi.

Judo iliasisiwa mjini Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano. Somo lake la kwanza si kumwangusha mwenzako, bali kuanguka wewe mwenyewe: kidevu kifuani, na mkono uupige mkeka mara mgongo unapogusa chini. Asiyejua kuanguka huogopa. Mwenye hofu hukakamaa. Na aliyekakamaa huangushwa upesi.

Somo jingine ni kushinda kwa adabu. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko huko Tokyo. Katika fainali ya uzito wowote, Anton Geesink wa Uholanzi alimbana chini Akio Kaminaga wa Japani hadi akashinda. Waholanzi walipotaka kurukia mkekani kushangilia, Geesink aliinua mkono kuwazuia.

Vijana, mitihani i karibu. Wapo watakaofaulu, na wapo watakaoanguka. Atakayeanguka asivunjike, ainuke ajaribu tena. Atakayefaulu akumbuke ule mkono wa Geesink, kwani aliye chini ni mwenzake wa darasa moja.