Moshi Unaobaki Nguoni

Hotuba ya afisa wa zimamoto kwa wakazi wa mpakani



Nchini Uganda, na vilevile Rwanda, zimamoto ni sehemu ya polisi. Kwa hiyo habari ya saratani miongoni mwa wazimamoto inatugusa sisi tuvaao sare. Inawagusa ninyi pia, kwani lori la mafuta linapowaka kwenye foleni ya mpakani, au vibanda vya soko vinaposhika moto, ninyi ndio hutangulia kufika na ndoo na mchanga.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku na asibesto. Ushahidi wa kutosha ulipatikana kwa saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaofunika mapafu. Kundi hilo laeleza uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Asidhani mtu kwamba kila mzimamoto ataugua. Huko Marekani walifuatiliwa wazimamoto wapatao 30,000 wa Chicago, Philadelphia na San Francisco, na vifo vya saratani miongoni mwao vilizidi vya raia wengine kwa asilimia 14.

Wengi hudhani kwamba sumu ya moshi hupitia puani peke yake. La hasha. Masizi hunata shingoni na mikononi, na kemikali zake hupenya ngozi iliyopata joto na jasho. Watafiti wamezikuta kemikali hizo zikitoka katika mkojo wa wazimamoto ambao walikuwa wamevaa vifaa kamili vya kupumulia. Basi yule aliyejifunga kitambaa kilicholowa maji usoni asijione yu salama. Kitambaa hakizuii gesi. Wala moto ukishalala hatari haijaondoka, maana makaa yafukayo moshi yangali yakitoa sumu, na hapo ndipo askari wetu hupenda kuvua barakoa.

Lililonifurahisha katika tafiti hizi ni urahisi wa dawa yake. Mavazi ya kazi yaliposuguliwa palepale penye moto kwa maji, sabuni na brashi, takriban asilimia 85 ya kemikali za masizi zilizopimwa ziliondoka. Kuyapulizia hewa hakukufaa karibu kitu. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kukung'uta koti na kulitupa garini ni bure.

Akina mama, sare yenye masizi isiingie katika karai la nguo za watoto. Ifuliwe kituoni; na mume akilalamika, mwambieni agizo limetoka kwangu. Nanyi vijana mnaosaidia kuzima, simameni upande upepo utokako, oshani shingo na mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, kisha ogeni mapema na kubadili nguo. Lori likipinduka, msilikaribie kukinga mafuta: mbali na moto wenyewe, petroli ina benzini, nayo husababisha saratani ya damu.

Kuanzia juma lijalo ndoo, brashi na sabuni ya mche vitakuwa ndani ya gari letu. Tukimaliza kazi, njooni mnawe pamoja nasi. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na wazee.