Kitabu cha Ukerewe na Senema ya Mwanza



Nimeombwa niseme jinsi vitabu na senema vinavyoonyesha kugeuka kwa mambo ambayo watu huyathamini. Sina haja ya kwenda mbali. Ziwa letu lina mifano miwili.

Wa kwanza ni kitabu cha marehemu Bwana Aniceti Kitereza wa Ukerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili kilichapwa mwaka 1980. Mwanzoni mume na mke hawa hawakujaliwa mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke, hata wazazi wake wamrudisha kwao. Mume hamwachi. Aenda ukweni kumwomba, atozwa mitungi ya pombe ya ndizi, naye akubali.

Wa pili ni senema ya Bwana Hubert Sauper wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliyopigwa hapa Mwanza. Humo twaona ndege kubwa zikichukua minofu ya sangara kwenda Ulaya, na mapanki yakibaki kwa wenyeji. Watoto walala njiani.

Tuvilinganishe. Katika kitabu, pombe yahesabiwa kwa mitungi ili watu wapatane. Katika senema, samaki wapimwa kwa kilo ili waondoke. Katika kitabu, mwenye shida ana mlango wa kubisha, na mzee wa kumsikiliza. Mtoto wa njiani abishe wapi?

Lakini tusiseme kwamba zamani palikuwa peponi. Bibi Bugonoka alitukanwa na watu wa nyumbani, si wageni. Naye Bwana Kitereza, ambaye hakuachiwa mtoto, aliujua uchungu huo. Tena senema ni jicho la mgeni, na jicho huchagua. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu, na watu waliandamana mjini kuipinga, maana wengi hapa wamesomesha watoto wao kwa fedha za sangara.

Mimi nilipoitazama naliona haya. Kisha nalijiuliza: naona haya kwa kuwa ni uongo, ama kwa kuwa aliyesema ni mgeni? Kila asubuhi nikienda kazini napita barazani pa duka walalapo watoto. Sijapata kumwuliza hata mmoja jina lake.

Wenzangu, kalamu ndiyo kazi yetu, nasi kutwa twaandika barua za watu wengine. Bwana Kitereza aliandika kwa lugha ya kisiwa kimoja, akangoja miaka 35 kabla ya kuchapwa, kusudi watu wake wasisahau walivyoishi. Yafaa nasi tuandike tuyaonayo, mema na mabaya. Tukinyamaza, mgeni atasema kwa niaba yetu, nasi hatutakuwa na jibu ila kuandamana.