Saratani Ikithibitishwa: Safari ya Matibabu Huanzia Nyumbani



Mtu akiambiwa ana saratani, mara nyingi hayasikii maneno yanayofuata. Kwa sababu hiyo, mgonjwa asiende peke yake kupokea majibu. Afuatane na ndugu mtulivu mwenye daftari, aandike: ni saratani ya kiungo gani, imefikia hatua gani, na matibabu yaliyopendekezwa ni yapi. Lisiloeleweka liulizwe papo hapo. Kumwuliza daktari si kumvunjia heshima.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, i karibu nasi. Lakini anayehitaji mionzi hupewa rufaa ya mbali, kama vile Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi wakishapata nauli ya treni au basi hudhani maandalizi yamekwisha. Hapo ndipo penye hatari. Mionzi ya kutibu hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa juma, na huweza kuchukua majuma kadhaa. Mzigo mkubwa, basi, ni malazi na chakula. Aliyebeba fedha za juma moja hujikuta akirudi Kigoma dozi ikiwa nusu, na ugonjwa haumngojei.

Kwa hiyo, kabla ya tiketi, ukoo na ukae kikao. Ajulikane wa kumsindikiza mgonjwa, wa kukusanya michango, na wa kuangalia watoto na meza ya sokoni. Asiye na uwezo amwone mapema ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwenye bima aulize ni huduma zipi zinazolipiwa.

Nyaraka zote ziwekwe katika jalada moja: barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama, picha, orodha ya dawa na kadi ya bima. Nakala zibaki nyumbani. Majibu ya kinyama yakikosekana, kipimo huenda kikarudiwa na siku zikapotea bure. Anayetumia dawa za miti aseme bila kuficha, kwani baadhi yake hupingana na dawa za hospitali.

Atakaporudi, mgonjwa alete taarifa ya matibabu na tarehe ya kuonwa tena, aipeleke Maweni ili waendelee naye.

Ndugu zangu, saratani nyingi zikiwahiwa hutibika. Tusimwachie mgonjwa mzigo wa maradhi pamoja na mzigo wa kupanga. Wa pili tunaweza kumtua.